Kabla ya Kumfuga Nyoka, Tutazame Sakafu Atakayolalia

Miongoni mwa wanyama wanaotamaniwa kwa masomo ya elimuviumbe katika shule za sekondari, nyoka ana nafasi ya pekee. Wanafunzi humwogopa, lakini hawachoki kuuliza habari zake. Aghalabu hutokea mwalimu mwenye bidii, au chama cha sayansi cha wanafunzi, akataka kumweka nyoka mmoja ndani ya kizimba cha kioo ili achunguzwe. Maswali yanayoulizwa wakati huo huwa yale yale: Je, anauma? Anakula nini? Aweza kukaa siku ngapi bila chakula? Ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza nyoka huyo atalalia nini.

Maoni yangu ni kwamba swali hilo la mwisho ndilo linalopasa kuyatangulia mengine yote. Kitu kinachotandazwa katika sakafu ya kizimba tukiite matandazo, kwa neno lile lile walitumialo wafugaji wa kuku. Kwa shule zilizoko Sumbawanga na kwingineko katika uwanda wa juu wa Ufipa, naona kwamba matandazo yafaayo ni karatasi za magazeti makuukuu, pamoja na kijumba kidogo cha kujifichia chenye unyevu wa kadiri. Shule isiyoweza kuzibadili karatasi hizo kila zinapochafuka haijawa tayari kumfuga nyoka, hata kama seremala amewatengenezea kizimba kizuri namna gani. Hoja zangu nitazieleza hapa chini.

Nyoka na sakafu

Mbuzi husimama juu ya kwato nne, na kuku juu ya vidole vyake. Nyoka hana miguu, kwa hiyo tumbo lake lote hugusa ardhi mchana na usiku. Magamba mapana ya tumboni ndiyo yanayomwezesha kutambaa, kwani hujishikiza katika mikwaruzo ya sakafu na kuusukuma mwili mbele. Juu ya sakafu laini mno, kama vile saruji iliyosuguliwa au kioo kitupu, hutapatapa.

Hali kadhalika, nyoka huijua dunia yake kwa njia ya sakafu. Ulimi wake uliogawanyika ncha mbili huokota chembe za harufu kutoka ardhini na hewani na kuzipeleka kwenye ogani ya Jacobson iliyo katika kaakaa la juu. Mtetemo wa nyayo za mtu au wa panya apitaye humfikia kupitia taya la chini na mifupa ya kichwa. David Chiszar na wenzake huko Colorado, Marekani, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1980, walionyesha kwamba kusafishwa kwa kizimba peke yake huubadili mwenendo wa nyoka: huanza kuchezesha ulimi kwa wingi, kana kwamba amehamishiwa nchi ngeni. Basi anayebadili matandazo na ajue kwamba anabadili mazingira yote ya mnyama huyo.

Baridi ya Ufipa na kosa la blanketi

Mji wa Sumbawanga uko katika mwinuko wa mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Ziwa Rukwa kwa upande mmoja na Ziwa Tanganyika kwa upande mwingine yako chini zaidi, katika mwinuko wa mita 800 hivi. Kwa kanuni ya jumla, halijoto hupungua yapata nyuzi 6 za Sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo nyoka aliyezaliwa katika bonde la Rukwa, au Kirando ufukoni mwa Tanganyika, akipandishwa Sumbawanga huwa amehamishiwa nchi nyingine kwa hesabu ya joto, ingawa safari yenyewe ni ya saa chache tu. Katika miezi ya Juni na Julai usiku wa huko huwa na baridi ambayo wenyeji wanaifahamu vizuri.

Hapo ndipo linapozuka kosa ambalo kila mwalimu wa fizikia angelipenda kulisahihisha. Mtu huona nyoka amejikunyata, akadhani dawa yake ni kumrundikia nyasi au maranda mengi ili apate joto. Lakini blanketi halina joto lake lenyewe. Linamtia mtu joto kwa sababu mwili wa mtu unazalisha joto, nalo linalizuia lisitoke. Nyoka hupata sehemu kubwa ya joto lake kutoka nje, kwa jua au kwa jiwe lililopashwa moto. Ukimfunika nyoka aliyepoa, utakuwa umefunika ubaridi. Matandazo mazito yana faida moja tu katika jambo hili: hupunguza kasi ya joto kupotelea katika saruji. Kama chanzo cha joto kimewekwa chini ya sakafu ya kizimba, matandazo hayo hayo yatazuia joto lisipande. Juu kutakuwa na baridi na chini kutaunguza, na nyoka anayechimba kulitafuta joto aweza kuungua tumbo.

Kuna matandazo yanayotoa joto kweli, lakini hayo ndiyo ya kuogopwa. Mkulima wa Ufipa hufukia nyasi katika matuta, kwa kilimo kijulikanacho kwa jina la ntumba, ili zioze na kuurutubisha udongo. Viumbe vidogo vinavyoozesha nyasi hutoa joto katika kazi yao. Mwanafunzi akiingiza kidole katika matandazo ya nyasi akasikia uvuguvugu, asifurahi. Hiyo ni dalili ya kwamba kizimba kimeanza kuwa tuta la mboji.

Vitu vinavyopatikana

Vitabu vya ufugaji kutoka ng'ambo, ambako nyoka hufugwa majumbani kwa wingi, husifu maranda ya mti uitwao aspeni. Mti huo hauoti kwetu. Vingine hupendekeza makumbi ya nazi yaliyosagwa, nayo ni mazuri kwa kuhifadhi unyevu, lakini minazi iko pwani, na Ufipa iko mbali na pwani. Haifai kuagiza kwa gharama kubwa kitu ambacho kazi yake yaweza kufanywa na kilichopo. Tutazame basi vilivyopo.

Maranda ya mbao ndiyo yanayokimbiliwa kwanza, kwa kuwa kila karakana ya seremala inayo. Ubaya wake hutegemea mti. Miti yenye harufu kali, kama mierezi na jamaa zake, na mtarakwa wetu ni mmoja wao, ina mafuta yanayogeuka mvuke na kuudhuru mfumo wa kupumua wa nyoka aliyefungiwa humo usiku na mchana. Maranda ya msonobari, au paina kama wengi waitavyo, yana utomvu. Wataalamu hawakubaliani juu ya kiasi cha madhara yake, nami nashauri yasitumiwe yakiwa mabichi. Unga wa msumeno ni mbaya kuliko maranda, kwa sababu vumbi lake huingia puani na kinywani. Tena seremala hukata miti mingi siku moja, na hakuna awezaye kuapa kwamba rundo lile ni la mti mmoja.

Pumba za mpunga hupatikana kutoka bonde la Rukwa. Ni nyepesi na hazina gharama, lakini zina vumbi na ncha kali, nazo hunata katika windo lililolowa na kumezwa pamoja nalo. Mchanga una kasoro hiyo hiyo ya kumezwa, na zaidi ya hayo ni mzito, hupoa sana usiku, na hunyonya uchafu bila kuuonyesha. Nyasi kavu na majani makavu humpendeza nyoka, kwani hufanana na kwao, lakini huja na kupe, utitiri na ukungu kutoka porini. Udongo wa bustani uliotiwa samadi usifikiriwe kabisa.

Karatasi ya gazeti haina uzuri wa kutazamwa, na hainyonyi maji mengi. Lakini ina sifa tatu ambazo vingine vyote havina kwa pamoja: hupatikana bure, hubadilishwa kwa dakika chache, na huonyesha kila kitu. Sifa hii ya tatu ndiyo niithaminiyo zaidi.

Yale ambayo karatasi huyaonyesha

Nyoka, kama ndege, hatoi mkojo wa maji mengi. Taka za naitrojeni huzitoa kwa sehemu kubwa katika umbo la asidi ya yuriki, ambayo huonekana kama chokaa nyeupe kando ya kinyesi. Mwenye kumtunza anapaswa kuiona chokaa hiyo kila itokapo, kwa sababu ikibadilika rangi au ikikoma kutoka, mnyama ana tatizo. Ikiachwa katika matandazo yenye unyevu, bakteria huivunja na kutoa amonia, ambayo huwasha macho na mapafu. Katika mchanga chokaa hii hupotea machoni, lakini amonia haipotei.

Unyevu ukizidi sakafuni, magamba ya tumbo hutoa malengelenge madogo, kisha vidonda, na bakteria huingia katika damu. Nyoka wengi waliofungwa wamekufa kwa ugonjwa huu huku wafugaji wao wakidhani ni njaa au uzee. Unyevu ukipungua mno, nyoka hushindwa kujivua ngozi. Mwenye afya huivua nzima, kama soksi inayogeuzwa nje ndani, na vifuniko viwili vya macho huonekana vimo katika ngozi hiyo. Ngozi ikitoka vipande vipande, au kifuniko cha jicho kikabaki, hewa ya kizimba ni kavu kupita kiasi.

Kisha kuna utitiri wa nyoka, ambao wanasayansi wameuita Ophionyssus natricis. Mdudu huyu hunyonya damu chini ya magamba, lakini jike huondoka kwa mwenyeji wake kwenda kutaga katika nyufa na takataka za sakafuni, na katika joto la kadiri kizazi kipya huwa tayari baada ya majuma mawili au matatu hivi. Juu ya karatasi nyeupe huonekana kama punje nyeusi zinazotembea. Ndani ya maranda hazionekani mpaka zimefika maelfu.

Hoja ya wanaopinga

Wapo wanaosema kwamba kumlaza nyoka juu ya gazeti ni kumnyima maumbile yake. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Almli na Burghardt, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, waliona kwamba nyoka waliolelewa katika vizimba vyenye matandazo ya kuchimba, mahali pa kupanda na mahali pa kujificha walitofautiana kitabia na wenzao waliokaa katika vizimba vitupu, nao waliyazoea mambo mapya kwa wepesi zaidi. Chatu wa kusini mwa Afrika ni mfano mwingine. Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alieleza mwaka 2018 jinsi chatu jike anavyotaga katika shimo lililochimbwa na mhanga, anavyotoka kuota jua mpaka mwili upate joto, kisha akarudi kuyazungushia mayai mwili wake. Kiumbe wa namna hiyo hakika anajua tofauti ya sakafu na sakafu.

Jibu langu ni kwamba tusichague kimoja na kukitupa kingine. Sehemu kubwa ya sakafu iwe karatasi, tabaka nne au tano, ili nyoka aweze hata kujipenyeza katikati yake. Kona moja kuwe na chungu kilichotobolewa mlango, au kisanduku cha mbao, ndani yake majani makavu au kuvu la miti lililokaushwa kwanza juani na kunyunyiziwa maji kidogo. Hapo atapata giza, unyevu na kitu cha kujichimbia. Uchafu ukitokea humo, unabadili kisanduku kimoja tu, si sakafu nzima. Nyoka mgeni asipewe kijumba chenye majani mpaka amekaa juu ya karatasi tupu kwa majuma kadhaa na kuonekana hana utitiri.

Kazi ya kila siku

Uchaguzi wa matandazo ni kazi ya siku moja. Kuyatunza ni kazi ya kila siku, likizo zikiwamo. Kinyesi kiondolewe mara kionekanapo. Karatasi iliyomwagikiwa maji iondolewe siku hiyo hiyo. Kizimba chote kisafishwe kwa sabuni na maji moto, kisha kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, kisuuzwe na kukaushwa juani kabla nyoka hajarudishwa. Dawa za kusafishia vyoo zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini zisitumiwe, maana nyingi zina fenoli au mafuta ya miti, ambayo ni sumu kwa nyoka. Wala klorini isichanganywe na dawa nyingine yoyote.

Majira ya Ufipa yafuatwe. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, wakati wa mvua, adui ni unyevu: kizimba kiinuliwe kutoka sakafuni, matundu ya hewa yaongezwe, na karatasi ibadilishwe mara nyingi zaidi. Kuanzia Mei mpaka Oktoba, wakati wa kiangazi na upepo, adui ni ukavu na baridi: kijumba kinyunyiziwe maji, na bakuli la maji lisikauke kamwe. Kanuni moja kwa mwaka mzima haifai.

Tusisahau watu. Nyoka na reptilia wengine hubeba bakteria wa salmonela matumboni bila kuugua, na matandazo machafu ndiyo njia yao ya kumfikia binadamu. Mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo kwa sababu watoto waliokuwa wakiwashika waliugua kwa wingi. Kwa hiyo matandazo yaliyotumika yachomwe au yafukiwe mbali na kisima. Yasitupwe katika bustani ya mboga ya shule wala katika banda la kuku. Kila aliyeyagusa anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine.

Nyoka gani, na kwa ruhusa ya nani

Chatu, swila, koboko na kifutu hawana nafasi katika darasa. Watatu wa mwisho wana sumu iwezayo kuua, na hospitali yaweza kuwa mbali. Chatu hana sumu, lakini hukua mpaka akawa na nguvu za kumshinda mtu, naye analindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Tena katika Ufipa chatu ana heshima yake ya tangu zamani. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyefanya utafiti huko, aliieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu watu na wanyama. Mwalimu anayefundisha kati ya watu ambao kwao mnyama fulani ana maana kubwa hana budi kuzungumza na wazazi na wazee kabla ya kumtia mnyama wa jamii hiyo katika kizimba.

Anayeweza kufikiriwa ni nyoka wa hudhurungi aishiye karibu na nyumba na kula panya, wa jenasi Boaedon, asiye na sumu. Hata huyo asikamatwe na mwanafunzi, kwani makosa ya kuwatambua nyoka yamewagharimu watu maisha. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Shule iende kwa ofisa wa wanyamapori kuomba kibali na ushauri, na ikinyimwa ikubali.

Jaribio lisilohitaji nyoka

Pendekezo langu la mwisho litawashangaza baadhi ya wasomaji. Kwa mwaka wa kwanza, shule itengeneze sakafu bila nyoka. Chukueni makopo matano yaliyo sawa. Katika kila kimoja tieni gramu 50 za kitu kimoja: vipande vya gazeti, maranda, pumba za mpunga, nyasi kavu na mchanga. Mwagieni kila kimoja mililita 50 za maji, kisha pimeni uzito kila siku kwa saa ile ile, kwa siku saba. Choreni grafu. Rudieni jaribio Januari na tena Julai, mkalinganishe. Kwa jaribio la pili, tieni kijiko cha kinyesi cha kuku, ambacho nacho kina asidi ya yuriki, katika kila kitu kilicholowa ndani ya chupa yenye mfuniko, na mning'inize juu yake karatasi ya litimasi nyekundu iliyoloweshwa. Ile itakayogeuka buluu kwanza itawaambia ni matandazo gani yametangulia kutoa amonia.

Vifaa hivi vimo katika maabara nyingi, na visivyokuwamo vimo kijijini. Yawezekana matokeo ya shule ya Sumbawanga yasifanane na ya shule ya Muze, iliyoko chini bondeni, na kutafuta sababu ya tofauti hiyo ni kazi ya sayansi. Yawezekana pia matokeo yakapinga maoni yangu juu ya karatasi. Yakipinga, walimu wayaandike na kuyachapisha, nasi wengine tuyasome.

Chama cha wanafunzi kikiweza kuendesha jaribio hilo mwaka mzima bila kuruka siku ya kupima, wakati wa mitihani na wakati wa likizo, kitakuwa kimeonyesha kwamba kina subira ya kumtunza mnyama. Kikishindwa, hakuna nyoka atakayekuwa amekufa kwa kushindwa huko, na wanachama wake watakuwa wamejifunza mengi juu ya unyevu, joto na amonia.